Kizuri Chajiuza? Frateri na Matangazo ya Biashara Changa



Ndugu msomaji, katika lugha yetu kuna misemo miwili isiyopatana. Wa kwanza ni methali ya wazee: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili ni msemo wa sokoni, utausikia stendi ya Kahama na kwenye maduka ya Katoro: biashara ni matangazo. Ukiamini ule wa kwanza, mtu anayesifia bidhaa yake anajishtaki mwenyewe kwamba ina kasoro. Ukiamini wa pili, anayekaa kimya atafunga fremu yake kabla ya Krismasi. Kwa likizo mbili nimefanya kazi katikati ya misemo hii, nikiwasaidia watu wenye biashara changa kuandika matangazo yao. Naona vema niwashirikishe nilichokiona, hasa ndugu zangu mafrateri, kwa sababu nanyi mtaombwa kazi hiyo siku moja.

Ilikuja hivi. Nikiwa likizo katika parokia moja ya mkoa wa Geita, Baba Paroko aliniita baada ya Misa ya asubuhi. Alisema vijana na akina mama wa WAWATA wameanzisha biashara ndogondogo. Baadhi ya vikundi vimepata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha imepatikana, bidhaa ipo, ila wateja hawaji, na marejesho hayasubiri. "Frateri, wewe unasoma falsafa," akasema, "maana yake unasomea maneno. Kawasaidie kuandika." Nikaitikia, lakini moyoni nilikuwa na maswali.

Wanachohitaji watu hawa si kitu kikubwa. Biashara changa huku kwetu haina idara ya masoko. Ina ubao mmoja mbele ya fremu, ina ujumbe wa kutuma kwenye makundi ya WhatsApp, ina karatasi ya kubandika stendi, na pengine ina dakika moja kwenye spika ya gari la matangazo siku ya mnada. Maneno 30 au 40 yanapaswa kueleza hiki ni kitu gani, kinamfaa nani, kinapatikana wapi na kwa nini mtu atoe fedha yake. Anayejiamini huimaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Asiyejiamini huchukua wiki nzima, na mwisho wake hunakili tangazo la mwingine.

Kunong'ona na kufoka

Nilipokusanya matangazo waliyokuwa nayo, niliona yameandikwa kwa namna mbili tu. Namna ya kwanza ni ya kujificha: "Tunauza bidhaa mbalimbali kwa bei nafuu. Karibuni sana, wote mnakaribishwa." Ukiisoma hujui kama ni duka la nguo au la mbolea. Namna ya pili ni ya kupiga kelele: "Namba moja Kanda ya Ziwa! Ubora wa kimataifa! Asilimia 100!" Na hapo kampuni ina miezi mitatu na watu wawili. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi mwandishi ni yuleyule. Mwezi wa kwanza ananong'ona. Mwezi wa tatu, baada ya kukosa wateja, anafoka. Chanzo ni kimoja: hajui hasa ana nini cha kusema.

Namna ya kwanza naielewa vizuri, maana nimelelewa nayo. Usukumani mtoto hafundishwi kujisifu mbele ya wakubwa. Ukimwuliza mzee mwenye zizi lililojaa ana ng'ombe wangapi, atakujibu kwamba vipo vichache tu. Kisha seminarini tunachunguza dhamiri kila jioni, na majivuno ni kati ya vitu vya kwanza tunavyovitafuta ndani yetu. Mtu aliyelelewa hivyo akiambiwa aandike kwamba mchele huu ni mzuri, mkono unakuwa mzito.

Falsafa nayo iliniongezea shaka. Katika majadiliano yaitwayo Gorgias, Plato anamwonyesha Sokrate akiufananisha ufundi wa kushawishi na upishi unaojifanya tiba. Mpishi anawapa watoto kinachofurahisha ulimi, tabibu anawapa kinachoponya. Na wakiwa waamuzi ni watoto, tabibu atashindwa. Mtakatifu Augustino aliujua ufundi huo kutoka ndani, kwa kuwa alifundisha ufundi wa kusema Karthago, Roma na Milano. Mwaka 386 aliacha kiti chake cha ualimu, na mwaka uliofuata akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi. Katika Maungamo anajitazama kama mtu aliyekuwa akiuza maneno. Nikajiuliza: ikiwa Augustino aliiacha kazi hiyo alipoongoka, mimi ninayejiandaa kwa upadre naiokota ya nini?

Jibu nililipata kwa Augustino huyohuyo, alipokwisha kuwa askofu. Katika kitabu cha nne cha De doctrina christiana, alichokimaliza uzeeni, anauliza kwa nini watetezi wa uongo wajue kusema kwa ufupi na kwa mvuto, huku watetezi wa ukweli wakisema kwa namna inayowachosha wasikilizaji. Ufundi wa kusema, kwake, unaweza kutumikia upande wowote. Kuuacha wote mikononi mwa waongo hakumsaidii mtu.

Unyenyekevu hauhitaji uongo

Msaada mwingine niliupata kwa Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili kwa Nikomako. Anataja watu watatu. Wa kwanza anajidai kuwa na asichonacho, au kuwa na zaidi ya alichonacho. Wa pili anakikana alichonacho au anakipunguza. Wa tatu anakisema kitu kama kilivyo. Fadhila iko kwa huyo wa tatu, ingawa Aristotle anakiri kwamba mtu mkweli, akiinama kidogo, huinamia upande wa kusema pungufu kuliko wa kuzidisha. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaifuata hoja hiyo katika Summa anapoeleza ukweli kama fadhila. Anayejigamba anakosa, na anayejishusha kwa maneno yasiyo ya kweli naye anakosa, hata kama kosa lake linapendeza zaidi machoni pa watu.

Thoma anakwenda mbali zaidi. Anasema udogo wa moyo ni dhambi, na mfano anaoutaja ni yule mtumishi aliyeificha talanta ya bwana wake ardhini. Hakuiba wala hakuponda mali. Aliogopa tu. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunapaswa kuuelewa mfano huo kuliko wengine. Watu wetu wanashuka kwenye maduara marefu, wakihatarisha maisha, kutafuta kilichofichwa ardhini. Inashangaza kuona mtu akikifukia kile ambacho Mungu amekwisha kumwekea mkononi.

Kwa hiyo mama anayetengeneza sabuni nzuri, kisha akasema mbele ya mteja "tunajaribujaribu tu," tusimsifu haraka kwa unyenyekevu. Kama sabuni ni nzuri, sentensi yake si ya kweli, na watakaolipa gharama yake ni watoto wanaongojea ada. Lakini hapo nusu tu ya kazi imekwisha. Kumtoa mtu mafichoni ni rahisi kuliko kumzuia asikimbilie kelele.

Asilimia 100

Kikundi kilichonifikirisha zaidi kilikuwa cha vijana wawili, mafundi wa kuchomelea vyuma, wenye karakana ndogo upande wa Katoro. Walikuwa wanatengeneza kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki.

Kwa wasiojua kazi ya mwaloni, nieleze kwa kifupi. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki. Zebaki inashikamana na dhahabu na kuwa donge. Donge hilo huchomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wengi huchoma wazi, juu ya mkaa, wakiwa wamesimama palepale. Mvuke wa zebaki hauonekani kirahisi wala hauwashi kama moshi wa kuni, lakini unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na watoto wachanga na walioko tumboni ndio wanaoumia zaidi. Kifaa cha vijana wale ni chungu cha chuma chenye mfuniko unaokazwa na bomba linalopozwa kwa maji. Donge linachomwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa na kurudi kuwa zebaki kwenye kikombe. Mchimbaji anapona mapafu, na zebaki aliyoinunua anaitumia tena.

Tangazo lao la kwanza lilisema, "Tunatengeneza vifaa vya uchimbaji vya aina zote." Hakuna aliyekuja. Kisha kijana wa duka la kuchapisha akawaandalia jingine, lenye rangi nyekundu: "Sumu ya zebaki sasa basi! Usalama asilimia 100!" Mmoja wao alilipenda. "Frateri, hili ndilo linauza," akaniambia.

Nikamwuliza, "Mkiandika asilimia 100, mchimbaji ataamini?"

"Ataamini, na atanunua."

"Akishaamini, atachomea wapi?"

Akanyamaza. Aliyejibu ni mwenzake, akiwa bado ameshika miwani ya kuchomelea: "Atachomea ndani."

Ndivyo ilivyo. Mtu anayeamini kwamba hatari imekwisha kabisa hana sababu ya kukaa nje kwenye jua. Atachomea chumbani, mahali mke wake anapopikia na watoto wanapolala. Kifaa kizuri hupunguza sana mvuke unaotoka, lakini mfuniko ukilegea unavuja, na ukifunguliwa kabla hakijapoa mvuke uliobaki unakutoka usoni. Neno moja lililowekwa ili kuvutia wateja lingewatoa watu nje na kuwaingiza ndani. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya uhusiano kati ya neno na kitu, lakini sikuwahi kuona uhusiano huo ukiwa na mtoto aliyelala ndani yake.

Tukaenda mwaloni. Niliwaona wakipima zebaki kwenye mizani kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, wachimbaji wakiwa wamewazunguka. Nikawaambia hicho ndicho tangazo. Tuliandika hivi:

"Ukichoma dhahabu wazi, zebaki uliyoinunua inapaa na wewe unaivuta. Kifaa chetu kinaikamata na kuirudisha kwenye kikombe. Njoo na zebaki yako, tupime mbele yako kabla na baada. Chomea nje, mbali na watoto na wajawazito. Usifungue kabla hakijapoa. Kikivuja, kirudishe tukirekebishe bila malipo."

Hakuna neno "bora" humo wala asilimia. Yule kijana wa kwanza alihofia kwamba maonyo yatawafukuza watu. Tukampelekea mzee mmoja mwenye duara asome. Akasoma polepole, akarudia sentensi ya mwisho, akasema, "Hawa wanaijua zebaki." Aristotle anafundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hoja, kwa hisia za msikilizaji, na kwa tabia yake inayoonekana katika maneno yenyewe. Mzee yule hakuwahi kumsoma Aristotle, lakini alichokiona kwenye karatasi ile ni hiyo ya tatu.

Swali moja lilibaki. Je, si afadhali zebaki iachwe kabisa? Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake waliathirika vibaya kwa zebaki iliyotoka kiwandani, unataka matumizi yake katika uchimbaji mdogo yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe. Vijana wale wanalijua hilo. Ndiyo maana hatukuandika popote kwamba sasa zebaki ni salama. Tuliandika kile kifaa kinachofanya leo, kwa mtu ambaye leo jioni atachoma kwa vyovyote.

Matobolwa hayatibu kisukari

Likizo iliyofuata nilikuwa Shinyanga. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa ameanza kufungasha michembe na matobolwa ili auze mjini na kwa wasafiri. Michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kukaushwa. Ndicho chakula kilichowavusha babu zetu miezi ya njaa. Na hapo ndipo penye haya yake. "Frateri mwanangu," aliniambia, "nani mjini atanunua chakula cha njaa?" Kwenye lebo alikuwa ameandika "Vitafunwa vya asili," basi.

Nikamwuliza nani amekwisha kununua. Akasema ni dereva wa lori, mwalimu mstaafu, na binti mmoja anayesoma Dar es Salaam ambaye huagiza kila muhula. Nikamwuliza binti huyo husemaje. "Anasema akitafuna anakumbuka kwa bibi yake." Basi, mama alikuwa na wateja wake tayari na maneno yao alikuwa nayo. Alichokosa ni ruhusa ya kuliita matobolwa kwa jina lake.

Hofu ya pili ilitoka kwa mpwa wake, kijana mwenye simu nzuri na nia njema. Yeye alitaka iandikwe kwamba matobolwa yanatibu kisukari na vidonda vya tumbo. "Shangazi, wote wanaandika hivyo, ndiyo maana wanauza." Ni kweli kwamba wengi wanaandika hivyo, sikiliza spika za minadani. Nikamwuliza mama kama katika jumuiya yetu kuna mwenye sukari. Akataja wawili, mmoja wao anatumia vidonge kila siku na yule mwingine anachoma sindano. Nikauliza, "Wakisoma lebo yako na kukuamini, watafanya nini na dawa zao?" Hakuhitaji nimalizie. "Huyo ni jirani yangu," akasema, akachukua kalamu na kuifuta sentensi mwenyewe.

Lebo ikawa hivi: "Matobolwa ya Shinyanga. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani juu ya kichanja, chini ya wavu. Havikuongezwa sukari wala rangi. Tafuna na chai, au pika na karanga kama alivyopika bibi." Na alama ya TBS hatukuiweka, kwa sababu haiwekwi mpaka umepewa leseni ya kuitumia. Kuiweka kabla ni kuazima sauti ya mtu ambaye hajasema.

Mpwa wake aliuliza swali zuri: je, basi muuzaji alazimike kutangaza kila kasoro? Mtakatifu Thoma alijiuliza hivyohivyo. Jibu lake ni kwamba kasoro iliyofichika, inayoweza kumtia mnunuzi hasarani au hatarini, ni lazima isemwe. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima muuzaji aipigie mbiu, mradi bei iwe ya haki. Kwa hiyo mama halazimiki kuandika kwamba matobolwa ni magumu kutafuna; mteja ataona. Lakini mfuko ukiingia unyevu na kuota ukungu, huo hauuzwi hata kwa bei nafuu. Sheria ya nchi nayo ina neno hapa, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini nilichokiona ni kwamba mama hakumwogopa afisa wa serikali. Alimwona jirani yake.

Maneno ya altareni sokoni

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa kanisani zaidi ya wengine. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka DECI. Kati ya mwaka 2007 na 2009 Watanzania wengi walipeleka fedha zao huko wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi. Lugha iliyotumika ilikuwa ya shambani na ya kanisani kwa pamoja: mtu "alipanda mbegu," kisha akangoja "kuvuna." Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 viongozi wake kadhaa, ambao walikuwa wachungaji, walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu. Silitaji hili ili kuwanyooshea kidole ndugu zetu wa madhehebu mengine. Jaribu hilo liko mlangoni kwetu pia. Mtu anayesikia neno la Injili hulegeza ulinzi wake, na ni haki alegeze. Anayelitumia neno hilo kuuza anapita kwenye mlango ambao Kristo aliufungua kwa ajili ya kitu kingine.

Kikundi kimoja kiliniomba nipige picha nikiwa na kanzu, nimeshika chupa ya bidhaa yao. Bidhaa haikuwa mbaya. Nilikataa kwa heshima, nikawaeleza sababu: imani ambayo watu wanayo juu ya kanzu haikujengwa na mimi, kwa hiyo siwezi kuikodisha. Tena bidhaa ikisimama kwa kanzu, siku frateri akihama itaanguka. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo. Hati hiyo haiyalaani matangazo. Inayaona kama chombo kinachoweza kutumika vizuri au vibaya, na inayapima kwa mambo matatu: ukweli, heshima ya binadamu, na wajibu kwa jamii. Nimeyatumia matatu hayo kwa sabuni, kwa alizeti na kwa matobolwa, na yanatosha.

Ujasiri unatoka wapi

Sikupata ujasiri wa kuandika kwa kujiambia kila asubuhi kwamba mimi ni mwandishi mzuri. Ujasiri ulikuja kila nilipotoka mezani na kwenda kuona. Katika Matendo ya Mitume, wakuu wanashangaa kuona Petro na Yohane, watu wasio na elimu, wakisema kwa ushupavu. Na mitume wanaeleza kwamba hawawezi kunyamaza juu ya yale waliyoyaona na kuyasikia. Ushupavu wao haukutoka kwenye kipaji cha kusema. Ulitoka kwenye kuona. Tangazo la chungu cha chuma si Injili, na asiwepo wa kuchanganya hayo mawili. Lakini moyo wa binadamu ni uleule: aliyeona husema bila kutetemeka, na asiyeona ama hunong'ona ama hufoka.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote huwa nauliza maswali matano. Kitu hiki kinafanya nini, na nimekiona kikifanya? Nani amekwisha kukitumia, na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe? Hakifanyi nini? Kikiharibika, mteja anampata nani, na wapi? La mwisho: je, sentensi hii naweza kuisoma kwa sauti mbele ya mtu aliyenunua jana? Swali hilo la tano limefuta sentensi nyingi kuliko yote manne.

Nimejifunza pia kutumia maneno ya watu wenyewe. Mchimbaji wa Geita hanunui "suluhisho bunifu." Anajua duara, karasha, mwalo na mizani. Tena wengi hawasomi tangazo, wanasomewa, kwa hiyo sentensi ikiwa ndefu kuliko pumzi ya msomaji, imepotea njiani.

Na niseme wazi, maneno hayafanyi kila kitu. Kipo kikundi ambacho swali la kwanza tu liliwashinda: sabuni waliyoiita yao walikuwa wanainunua Mwanza na kubandika lebo. Niliwashauri waandike "tunauza" badala ya "tunatengeneza," hawakupenda, tukaachana kwa amani. Vipo vikundi vingine vilivyoandika vizuri na bado wateja ni wa kusuasua, kwa sababu mvua ilichelewa na fedha haikuwepo mifukoni. Anayejiamini kwa sababu amesema kweli hulala usingizi hata siku ambayo hakuuza. Anayejiamini kwa sababu ameuza hutetemeka tena kesho yake.

Kuhusu ile methali ya wazee, sidhani kwamba walikosea. Kizuri chajiuza, ndiyo, kwa mtu aliyekwisha kukiona. Kwa ambaye hajakiona, lazima awepo wa kumwambia kipo wapi na kinafanya nini. Wazee walikataa kujitembeza, yaani kuzungukazunguka na sifa zisizo na kitu nyuma yake. Kumwelekeza mtu njia hawakukukataa. Mgeni akiuliza kisima, hakuna mzee anayenyamaza kwa unyenyekevu.

Ndugu waumini, mnapoliona tangazo linaloahidi kila kitu, ulizeni ni kitu gani hakifanyi. Mwenye bidhaa ya kweli ana jibu. Ndugu mafrateri, msiikimbie kazi hii. Homilia tutakazotoa zitahitaji misuli hiyohiyo: kuona kwanza, kusema kwa ufupi, na kuwa tayari kuulizwa baada ya Misa. Na wewe mwenye biashara changa, kama uko parokiani nitakapokuwa likizo mwezi wa sita, karibu. Njoo na bidhaa yako mkononi, na kama unaweza, njoo na mtu mmoja aliyekwisha kuitumia. Tutaanza na yeye.

Tuombeane.